Kwa nini daktari amekataa kushona jeraha la mdogo wangu?

Na. 1. Msumeno_wa_Mufindi (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Kamwene, wakuu. Naomba ufafanuzi kwa wanaojua mambo ya hospitali, kwa sababu nyumbani kwetu kuna ugomvi.

Mdogo wangu anapasua mbao msituni. Alhamisi iliyopita gogo la msindano liliserereka kutoka kwenye rundo, likambana mguu wa kulia chini ya goti, nyama ikachanika kwa urefu wa kiganja na kujaa udongo na maganda ya miti. Barabara ilikuwa tope tupu na lori halikuweza kupanda, hivyo alikaa porini karibu saa saba, mguu ukiwa umefungwa kwa shati lililokazwa kwa nguvu za watu wawili. Alipofika hospitali alichomwa sindano ya pepopunda, akapewa nusu kaputi, wakaosha na kukata nyama ambayo kwa macho yangu ilikuwa nzima, kisha wakajaza vitambaa vyenye dawa na kuliacha jeraha wazi. Jana wamemrudisha chumba cha upasuaji, wamekata tena kidogo, na bado hawajapitisha hata uzi mmoja.

Mama anasema tumedharauliwa kwa kuwa hatuna bima. Shemeji anasema daktari ni mwanafunzi na anajifunzia kwetu. Mimi nauliza: jeraha la ukubwa huo linaachwaje wazi kama mdomo wa mtungi, na kwa nini likatwe mara mbili?

Na. 2. Viazi_Uyole (saa 2:58 usiku)

Pole kwa mgonjwa. Jibu liko kwenye udongo. Sisi tunaolima viazi mviringo tunamwaga samadi shambani kila msimu, na kila msimu kuna mtu anayejikata na jembe kisha mguu unavimba na kutoa harufu. Daktari anaogopa pepopunda, kwa sababu nadhani hilo gogo lilikuwa na msumari au waya wenye kutu.

Na. 3. Nesi_Mstaafu_Gangilonga (saa 3:25 usiku)

Viazi_Uyole, kuhusu samadi uko sahihi, kuhusu kutu umekosea, na kosa hilo nimelisikia miaka thelathini wodini. Kutu haina pepopunda. Bakteria wa pepopunda huishi kwenye udongo na kwenye matumbo ya ng'ombe, farasi na hata binadamu. Mambo yakiwa magumu hujifunika ganda na kulala humo miaka mingi, na ganda hilo linavumilia jua, ukavu na hata maji ya moto ya kawaida. Msumari unalaumiwa kwa sababu unatoboa shimo jembamba na refu, ngozi ya juu inajifunga, na chini kunabaki pango lisilo na hewa. Msumari mpya kutoka dukani ukipita kwenye kinyesi cha ng'ombe utafanya kazi ileile.

Kwa mleta uzi: wapo bakteria ambao oksijeni kwao ni sumu. Wengine huvumilia kidogo, wengine hufa kabisa wakiguswa na hewa. Ukilishona jeraha lililopondeka na lenye uchafu, unawajengea nyumba na kuwafungia mlango. Daktari huyo hajamdharau mtu.

Na. 4. Rangi_Mbili (saa 3:31 usiku)

Mimi baba yangu alitulea tisa kwa kufungua kapsuli za rangi mbili na kumwaga unga kwenye kidonda, na hakuna aliyekatwa mguu. Siku hizi mambo yamekuwa mengi mno.

Na. 5. Nesi_Mstaafu_Gangilonga (saa 3:40 usiku)

Rangi_Mbili, jina lako limekutambulisha kabla hujasema. Vidonda hivyo tisa vilikuwa michubuko ya utotoni, na michubuko hupona hata ukipaka mate. Unga wa kapsuli hukauka na kuwa gamba, juu panaonekana pakavu pamepona, chini usaha unatafuta njia. Nimebandua magamba hayo mpaka nikachoka.

Na. 6. Mpasuaji_wa_Wilaya (saa 4:15 usiku)

Nafanya kazi ya upasuaji katika hospitali ya ngazi ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Simtibu mgonjwa huyu, kwa hiyo nazungumzia kanuni tu.

Tishu hai ina damu, na damu huleta vitu viwili ambavyo watu husahau kuvihesabu pamoja. Cha kwanza ni dawa: antibiotiki uliyomeza au kuchomwa husafiri ndani ya damu, na mahali ambapo damu haifiki, dawa nayo haifiki. Cha pili ni oksijeni, ambayo chembe nyeupe za damu huihitaji ili kuua. Chembe nyeupe humeza bakteria, kisha huitumia oksijeni kutengeneza kemikali kali za kumuunguza ndani kwa ndani. Oksijeni ikikosekana, chembe inammeza na kubaki naye kama mtu aliyemeza jiwe. Sasa chukua nyama iliyopondwa na gogo. Mishipa yake midogo imekatika, uvimbe umeminya ile iliyobaki, na ndani yake kuna udongo. Bakteria wa kawaida wanaotumia hewa huanza kazi, wanaimaliza ile oksijeni kidogo iliyokuwapo, na wanapokuwa wameimaliza wamewaandalia wenzao wasiopenda hewa mahali pazuri pa kuamkia. Ndiyo sababu maambukizi haya karibu kila mara ni ya mchanganyiko.

Jambo hili lilijifunzwa kwa gharama kubwa katika Vita Kuu ya Kwanza, kwenye mashamba ya Flanders kule Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa. Mashamba yale yalikuwa yamewekwa samadi kwa vizazi vingi, kama hayo ya Uyole, na askari walikuwa wakipigwa vipande vya mizinga vilivyoingiza tope na nguo ndani ya mapaja. Madaktari waliozoea kushona majeraha mara moja waliona miguu ikivimba ndani ya siku moja, ngozi ikageuka rangi ya shaba kisha nyeusi, na ukibonyeza unasikia mchakacho wa hewa chini ya ngozi kama unakanyaga barafu ya asubuhi kule Makete. Hiyo ndiyo gangrini ya gesi. Mhusika wake mkuu, Clostridium perfringens, alielezwa na Welch na Nuttall kule Marekani mwaka 1892, na katika mazingira yanayomfaa anaweza kujigawa kuwa wawili kwa muda usiozidi dakika 10. Sumu yake huyeyusha kuta za chembe za misuli, misuli iliyokufa inampa chakula na makazi zaidi, na mduara unaendelea. Madaktari wa vita ile, akiwamo Mbelgiji Antoine Depage, walikuja kusimamia utaratibu wa kukata kila kilichokufa, kuacha wazi, kuangalia tena, na kushona baada ya siku kadhaa jeraha likiwa safi. Wakati huo penisilini haikuwapo, na utaratibu huo uliokoa miguu bila penisilini. Ilipokuja, haikuondoa kisu.

Na. 7. Viazi_Uyole (saa 4:22 usiku)

Asante, daktari. Naona hata Wazungu samadi iliwaponza.

Na. 8. Msumeno_wa_Mufindi (saa 4:30 usiku)

Nashukuru sana. Lakini hujanijibu la nyama nzima. Niliiona ilipokuwa inatupwa kwenye beseni. Ilikuwa nyekundu.

Na. 9. Mpasuaji_wa_Wilaya (saa 4:47 usiku)

Swali zuri, na hata sisi hukosea hapo. Misuli hupimwa kwa mambo manne: rangi yake, kama inashikika au inalegea kama ini lililokaa juani, kama ukiibana kwa koleo inashtuka na kunywea, na kama ukiikata inatoa damu. Rangi ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu damu iliyoganda ndani ya nyama iliyokufa huifanya ionekane nyekundu. Nyama isiyoshtuka na isiyotoa damu imekufa hata kama macho yanakataa. Kukata mara mbili kuna sababu: siku ya kwanza kuna nyama iliyo kati ya kufa na kupona, na ukiikata yote unamlemaza mtu bure. Unaiacha, unarudi baada ya saa 24 hadi 48, ile iliyoamua kufa imeshajionyesha.

Na. 10. Ukungu_wa_Rungwe (Jumanne, saa 1:10 asubuhi)

Ndaga, wadau. Nimesoma uzi wote na ninashangaa hakuna aliyesema jambo lililo wazi. Sisi tunaishi juu. Hewa ya huku ni nyepesi, oksijeni ni kidogo kuliko Dar es Salaam, na kama vijidudu hivi vinapenda pasipo na oksijeni basi mwinuko wetu wenyewe unavilea. Ndugu zangu walioko Kyela hupona vidonda haraka kuliko sisi wa Tukuyu, na wote tunakula ndizi zilezile.

Na. 11. Mwalimu_Bailojia (saa 1:45 asubuhi)

Wazo lina mantiki lakini hesabu zake hazikubali. Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni kama asilimia 80 na kidogo ya ile ya pwani. Hewa yenyewe bado ina asilimia 21 ya oksijeni, na mtu mwenye afya aliyezoea mwinuko huo damu yake hujaa oksijeni kwa zaidi ya asilimia 90. Bakteria tunaowazungumzia wanahitaji mahali ambapo oksijeni karibu haipo kabisa. Tofauti ya Kyela na Tukuyu ni sawa na kupunguza kijiko kimoja kwenye ndoo. Kwenye msuli uliokatika mishipa ndoo yenyewe imemwagika. Tena Flanders aliyoitaja daktari ni tambarare iliyo karibu kabisa na usawa wa bahari.

Na. 12. Ukungu_wa_Rungwe (saa 2:05 asubuhi)

Basi ni baridi. Baridi hubana mishipa ya damu miguuni, na hilo mwalimu hawezi kulipinga, kwa sababu nimelisoma kwenye kitabu cha kidato cha tatu.

Na. 13. Nesi_Mstaafu_Gangilonga (saa 2:50 asubuhi)

Kwenye baridi nakuunga mkono nusu. Mtu mwenye mishipa mizuri hata Makete mwezi Julai haozi mguu kwa sababu ya baridi. Ila nimeona njia nyingine ambayo baridi hutumia. Mama mmoja mwenye kisukari cha miaka mingi alikuwa na kawaida ya kuweka miguu karibu na jiko la mkaa jioni. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kisukari, akaungua nyayo bila kusikia, akagundua siku ya tatu alipoona soksi imegandamana. Mishipa yake ilikuwa imeziba, sukari iko juu, kidonda kiko chini ya ganda jeusi. Alipoletwa, harufu ilifika mlangoni kabla yake. Walimkata vidole viwili, wakarudi wakakata nusu ya unyayo, na mwishowe chini ya goti. Mwanawe aliniuliza kama ni baridi, kisukari au moto. Nilishindwa kumpa jibu moja, na mpaka leo sina.

Na. 14. Tunduma_Mpakani (saa 3:30 asubuhi)

Naomba kuchepuka kidogo. Mimi nilipasuliwa kidole tumbo kilichokuwa kimeshapasuka. Siku tano za mwanzo nilikuwa naendelea vizuri, hata uji nikanywa. Siku ya nane homa ikarudi, tumbo la chini likawa gumu, wakapiga picha ya mawimbi ya sauti, wakakuta usaha umejikusanya chini ya nyonga. Walipoutoa ulinuka kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda cha jirani alihamishwa. Kinachonikera ni hiki: usaha ulipelekwa maabara na majibu yakarudi kwamba hakuna kilichoota. Usaha unaonuka vile unakosaje bakteria? Nilihisi sampuli ilitupwa.

Na. 15. Darubini (saa 4:12 asubuhi)

Mimi ni wa maabara, na nataka kuwatetea wenzangu bila kuwajua. Maabara nyingi huotesha sampuli kwenye hewa ya kawaida, ndani ya kabati lenye joto la mwili. Bakteria wasiopenda hewa hawataota humo, na wengine hufa njiani wakiwa kwenye kijiti cha pamba kabla hawajafika mezani kwetu. Ili kuwapata inafaa usaha uvutwe kwa bomba la sindano, hewa itolewe yote, uletwe haraka, kisha uoteshwe ndani ya chombo ambacho oksijeni imeondolewa, tena kwa siku kadhaa. Vifaa hivyo si kila mahali vipo.

Lakini kuna jambo la bei rahisi ambalo madaktari husahau kutuomba. Ukiupaka usaha huo kwenye kioo, ukautia rangi ya Gram na kuangalia kwenye darubini, utaona bakteria wamejaa wa maumbo mbalimbali. Darubini inaona wengi, sahani ya kuoteshea haina kitu: hiyo peke yake ni ushahidi kwamba tunashughulika na wasiopenda hewa. Pua ya nesi nayo ni kipimo, ingawa usaha usionuka haumwondolei mtu shaka.

Na. 16. Mpasuaji_wa_Wilaya (saa 6:20 mchana)

Darubini amesema vema. Tunduma_Mpakani, naomba nikuulize: siku zile za mwanzo ulichomwa antibiotiki ya gentamaisini peke yake?

Na. 17. Tunduma_Mpakani (saa 6:41 mchana)

Nilikuwa na sindano mbili, jina moja ndilo hilo. Ya kunywa niliambiwa niinunue nje, nikachelewa siku mbili.

Na. 18. Mpasuaji_wa_Wilaya (saa 7:15 mchana)

Sitamhukumu aliyekutibu kwa maneno machache ya hapa. Nitaeleza tu kwa nini nimeuliza. Utumbo mpana wa binadamu una bakteria wengi ajabu, na wasiopenda hewa huwazidi wanaopenda hewa kama mara elfu moja. Utumbo ukipasuka, wote humwagika pamoja. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waliwapandikiza panya uchafu wa utumbo ndani ya tumbo na wakaona magonjwa mawili yakifuatana: kwanza panya wengi walikufa siku za mwanzo kwa bakteria kama E. koli kuingia kwenye damu, kisha waliosalia karibu wote wakaota majipu ndani ya tumbo, na humo wakatawala wasiopenda hewa, hasa Bacteroides fragilis. Waliopewa gentamaisini peke yake waliepuka kifo lakini wakaota majipu. Waliopewa klindamaisini, antibiotiki nyingine, peke yake waliepuka majipu lakini wengi wakafa mapema. Waliopewa zote mbili walipona kwa sehemu kubwa.

Gentamaisini ina kasoro moja ya kimaumbile: ili iingie ndani ya bakteria inahitaji mtambo wa oksijeni wa bakteria mwenyewe, na hawa wasiopenda hewa hawana mtambo huo. Ndiyo sababu huongezewa metronidazoli, ambayo ninyi mnaiita Flagyl.

Na. 19. Rangi_Mbili (saa 7:22 mchana)

Flagyl ya kuharisha? Daktari, sasa unatania.

Na. 20. Kinywa_na_Meno (saa 8:05 mchana)

Hatanii, na taaluma yetu ina sehemu katika habari hiyo. Metronidazoli iliingia sokoni karibu na mwaka 1960 kwa ajili ya vijidudu vya trikomona vya ukeni. Mwaka 1962 daktari wa meno wa London, Shinn, aliandika kwamba mgonjwa aliyekuwa akiinywa kwa ajili hiyo alipona na ufizi wake uliokuwa ukioza. Hapo ndipo watu walipoanza kuielewa kama silaha dhidi ya bakteria wasiopenda hewa, kwa kuwa ufizi ni makazi yao makuu. Dawa yenyewe huingia ikiwa imelala, na huamshwa tu ndani ya kiumbe kinachoishi bila oksijeni, ikamharibu vinasaba.

Nimeona mwenyewe kijana aliyeletwa kutoka kijijini na jino la chini lililooza, ametuliza maumivu kwa ugoro wiki nzima. Chini ya kidevu palikuwa pagumu kama ubao, ulimi umeinuliwa hadi kwenye kaakaa, mate yanamtoka na hawezi kulala chali. Maambukizi hayo yalielezwa na Mjerumani Ludwig mwaka 1836, na huua kwa kuziba njia ya hewa kabla hata sumu haijafika mbali. Alitobolewa shingoni apumue, akapasuliwa chini ya taya. Usaha ulikuwa kidogo sana kuliko uvimbe ulivyotisha.

Na. 21. Komba_wa_Ulanzi (saa 9:30 alasiri)

Naona nyote mnalaumu udongo na meno. Je, sisi wanywaji wa ulanzi tumesalimika?

Na. 22. Nesi_Mstaafu_Gangilonga (saa 9:44 alasiri)

Hamjasalimika. Mtu akilewa na kulala chali, mate yenye bakteria wa ufizi huteleza kuingia kwenye mapafu, na baada ya wiki moja au mbili anaanza kukohoa makohozi yanayonuka, akidhaniwa ana kifua kikuu. Hilo ni jipu la pafu. Msimu wa ulanzi Iringa tulikuwa tunalitegemea kama mvua. Lala ubavu, Komba.

Na. 23. Komba_wa_Ulanzi (saa 9:46 alasiri)

Nimekoma kuuliza.

Na. 24. Mpasuaji_wa_Wilaya (saa 10:10 jioni)

Naongeza kwamba jipu la pafu kwa kawaida halihitaji kisu, kwa kuwa hujitoa lenyewe kupitia bomba la hewa wakati mgonjwa anakohoa, na dawa ya wiki kadhaa humaliza kazi. Usaha wa tumboni au wa pajani hauna mlango, lazima utengenezewe.

Na. 25. Mjukuu_wa_Fundi_Mifupa (saa 1:20 usiku)

Nimesoma nikingoja fundi wa jadi atajwe kwa ubaya, na kwa mara ya kwanza hakutajwa, basi nitajitaja. Babu yangu aliunga mifupa Kilolo kwa miti na kamba za magome. Nilijifunza kwake kwamba kila jioni lazima ubonyeze kucha za mgonjwa, ikirudi nyekundu unalala, ikibaki nyeupe unalegeza. Wanaooza viungo huozeshwa na mafundi wavivu. Na kwa mgonjwa wa uzi huu naona wote mnaacha shati. Watu wawili wamekaza shati saa saba! Kwa maoni yangu udongo umesingiziwa. Mguu ulikufia ndani ya shati.

Na. 26. Mpasuaji_wa_Wilaya (saa 1:55 usiku)

Babu yako alikuwa na kipimo kizuri, ingawa nina la kuongeza. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mifuko migumu ya utando. Uvimbe ukianza ndani ya mfuko huo, kanieneo hupanda na kuzima mishipa midogo wakati ile mikubwa bado inapiga, kwa hiyo kucha inaweza kurudi nyekundu huku msuli unakufa. Ishara ya mapema ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha, hasa ukivinyoosha vidole vya mguu. Misuli iliyokosa damu kwa takribani saa sita huanza kufa kwa namna isiyorudishika.

Kuhusu shati, huenda una haki. Huenda pia shati ndilo lililomzuia asivuje damu mpaka kufa porini. Lakini shati bila udongo lingeua msuli tu, bila maambukizi ya siku ya pili.

Na. 27. Mjukuu_wa_Fundi_Mifupa (saa 2:03 usiku)

Na udongo bila shati ungeoshwa na damu hai. Tumerudi palepale.

Na. 28. Viazi_Uyole (saa 2:15 usiku)

Kama hewa ni sumu kwao, kwa nini tusimwage haidrojeni peroksaidi kila siku? Ile inatoa povu la oksijeni. Duka la dawa la Mwanjelwa wanaiuza kwa bei ndogo.

Na. 29. Nesi_Mstaafu_Gangilonga (saa 2:40 usiku)

Tuliitumia sana zamani. Povu husaidia kuinua uchafu wa juu, lakini tishu ina kimeng'enya kinachoivunja kwa sekunde chache, na oksijeni hiyo hupotelea hewani bila kuzama kwenye nyama iliyokufa. Inachoma pia nyama mpya inayoota. Zaidi ya hayo, usiipige kwa bomba ndani ya tundu refu lililofungika, kwa sababu mapovu yanaweza kuingia kwenye mshipa wa damu, na watu wamewahi kufa kwa njia hiyo.

Na. 30. Mwalimu_Bailojia (saa 2:58 usiku)

Kupeleka oksijeni ndani ya nyama inawezekana, lakini mgonjwa mzima huingizwa kwenye chumba cha chuma chenye kanieneo kubwa na kuvuta oksijeni tupu. Waholanzi wa Amsterdam walilitumia hilo kwa gangrini ya gesi mwaka 1961. Na hao nao walikuwa mita chache tu kutoka usawa wa bahari, Ukungu_wa_Rungwe.

Na. 31. Ukungu_wa_Rungwe (saa 3:05 usiku)

Mwalimu, utanifuata na usawa wa bahari mpaka kaburini.

Na. 32. Tohara_Salama (saa 3:30 usiku)

Nimefanya kazi kwenye kampeni za tohara mkoani Iringa, na kuna mfano unaopima hoja ya shati dhidi ya udongo. Kuna kifaa cha pete ya mpira kinachobana govi mpaka likose damu na kukauka, kisha hukatwa baada ya siku kadhaa. Hakuna udongo kwa kukusudia, hakuna kuponda, kuna kubana tu. Hata hivyo walipatikana watu waliougua pepopunda baadaye, na Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kwa kifaa cha aina hiyo mtu awe amechanjwa pepopunda mapema kabla hakijavishwa. Nyama iliyokufa ilikuwapo siku zote hizo, na bakteria akapata njia kutoka nguoni, mikononi au popote.

Na. 33. Mjukuu_wa_Fundi_Mifupa (saa 3:36 usiku)

Nimesema.

Na. 34. Viazi_Uyole (saa 3:38 usiku)

Alitoka popote, ambapo ni udongoni.

Na. 35. Msumeno_wa_Mufindi (Alhamisi, saa 12:50 jioni)

Wakuu, nimerudi na taarifa. Jana wamemrudisha chumba cha upasuaji mara ya tatu. Safari hii nilimwuliza daktari kama nyama imeshtuka alipoibana. Alinitazama sana, akaniuliza nimesomea wapi, kisha akasema imeshtuka yote isipokuwa ukanda mwembamba karibu na mfupa, nao ameukata. Ameshona theluthi mbili za jeraha na kuacha sehemu ya chini wazi ili itoe maji. Vidole vinacheza, ila kidole gumba hakiinuki vizuri, na ameniambia huenda msuli wake ndio ule uliobaki kwenye beseni.

Mama ameuliza kwa nini hiyo theluthi nyingine haikushonwa. Nimemweleza habari ya hewa na chembe nyeupe kama mlivyonifundisha, akasikiliza mpaka mwisho, akasema uzi uliwaishia. Ametoa kapsuli mbili kwenye kanga yake. Nimezichukua.

Sindano ya pili ya pepopunda ni baada ya wiki nne. Daktari, kama wakati huo atakuwa amesharudi msituni, zahanati ya kijijini inatosha au lazima arudi kulekule?

Na. 36. Mpasuaji_wa_Wilaya (saa 1:15 usiku)

Zahanati inatosha, mradi abebe kadi aliyoandikiwa ya kwanza. Na ya tatu ni miezi sita baada ya hiyo. Kuhusu kidole gumba, mwanzishie mazoezi mapema, usingoje kidonda kifunge.

Na. 37. Rangi_Mbili (saa 1:19 usiku)

Hizo kapsuli mbili ulizozichukua, zilikuwa za rangi gani?